Bomba la Marehemu na Shimo la Juti

Mwezi wa Bhadro, mvua zikielekea kwisha, ulimkuta Rahela Khatun ndani ya shimo lake, maji meusi yamemfika kiunoni, akichuna juti, mmea wa nyuzi za magunia. Kazi yenyewe haina siri. Unavuta fungu la mashina yaliyovundikwa majini wiki kadhaa, yamekandamizwa kwa matope na magogo ya migomba, unayavunja kwa rungu upande wa chini, kisha unashika nyuzi na kuzivuta mpaka zichomoke zote. Uvundo wake humkaa mtu kwenye nywele hata sherehe za mwezi unaofuata. Wageni huziba pua. Wenyeji wa Charkhali hawausikii tena.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku ile. Wa kwake ulikuwa wa miaka, anaamka nao na kujifunga nao pamoja na sari. Aliolewa, akafiwa na mume, akarudi kwao na kumkuta mama yake, Jomila Bibi, ameanza kuugua miguu. Akamuuguza. Viganja vya mama vikawa vigumu, nyayo zikatoka vidonda, kidole kimoja cha mguu kikageuka cheusi, na ndipo watu wa kupima maji walipokuja wakasema bomba la uani, la kuvutwa kwa mkono, lina aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu wala ladha. Wakalipaka rangi nyekundu. Nyekundu usinywe, kijani kunywa. Hilo hata mtoto mdogo wa kijijini analijua. Lakini maji aliyokwisha kuyanywa Jomila Bibi yalikuwa yamekwisha kunyweka, na aliyekuwa akimnywesha, kikombe kwa kikombe, akimwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, ni Rahela. Mama alikufa. Rahela ndiye aliyemwosha.

Mdogo wake, Mofazzal, alikuwa Maskati kwenye kazi za zege. Hakuwahi mazishi. Alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, kisha akaagiza lichimbwe bomba jipya mbele ya nyumba, kando ya njia, ili kila apitaye anywe. Iwe sadaka jariya ya mama, thawabu isiyokatika kaburini. Fundi akachimba, maji yakapimwa, yakawa safi, bomba likapakwa kijani. Kwenye sakafu ya saruji chini yake wakaandika jina la marehemu na kuwaomba wanywaji wamwombee dua. Nusu ya kijiji ikahamia pale kuteka maji.

Hapo ndipo moyo wa Rahela ulipopumzikia. Mwili haukupumzika, ila moyo ndiyo. Aliamini bila chembe ya shaka kwamba kila funda lililopita kooni mwa mtu lilimfikia mama yake kaburini kama kitulizo, na kwamba maji haya mazuri yalikuwa yanafuta, kidogo kidogo, yale mabaya aliyomnywesha kwa mkono wake. Hakumwambia mtu. Alikuwa akikaa barazani jioni, anasikia mkono wa bomba ukilia kwe-kwe, kwe-kwe, na anajisikia nafuu.

Shimo nalo lilizaliwa pamoja na bomba. Kwa khitma ya arobaini uwanja wote ulikuwa tope, na watu hawawezi kukalishwa kwenye tope wakala wali wa nyama. Ikabidi uwanja upandishwe kwa udongo. Nani angebeba udongo kutoka mbali? Wakauchimba palepale kando ya bomba, udongo mzuri wa mfinyanzi, mzito, unaoshikana na jembe, wakachimba mpaka wakafika kwenye mchanga. Wageni wakakaa pakavu. Mvua zikalijaza shimo, na Rahela, ambaye miaka yote alikuwa akibeba juti mbichi begani hadi kwenye mfereji wa mto Kumar, alilitazama akamshukuru Mungu kwa sauti. Tangu hapo, mwaka baada ya mwaka, akawa anavundika juti zake mlangoni.

Basi siku hiyo alipotoka shimoni adhuhuri, alimkuta mwanamke kijana amekaa kwenye saruji ya bomba, mkoba wazi, anatikisa kichupa. Alikuwa Tahmina, wa ofisi ya kupima maji. Alikuwa ametembea vijiji tangu asubuhi na viatu vyake vilikuwa na tope hadi juu.

"Karibu," alisema Rahela. "Usinisogelee tu, nanuka."

"Mimi mwenyewe sinukii, dada. Tunapima upya mabomba yote ya kijani. Hili ni lako?"

"La mama yangu."

Tahmina alilisoma jina kwenye saruji, akatingisha kichwa kwa heshima. Alifunika kichupa kwa kifuniko chenye kijikaratasi cheupe ndani yake, akatazama saa. Rahela akamletea bisi za mchele kwenye bakuli, na maji. Tahmina alizila bisi. Maji aliyaacha pembeni, na Rahela akaliona hilo, likamkera kidogo.

Muda ulipofika Tahmina alikifungua kifuniko. Kijikaratasi hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa na rangi ya manjano iliyoiva, inaelekea kahawia. Alikilinganisha na kadi yake ya rangi, akarudia kulinganisha.

"Sema tu," alisema Rahela. "Mimi mtu mzima."

"Limeharibika, dada."

"Haiwezekani. Lilipimwa likawa safi. Nilikuwepo, nimesimama hapo ulipokaa."

"Nakuamini. Wakati ule lilikuwa safi."

"Basi sumu imeletwa na nani? Sikdar wamemwaga kitu humu?" Sikdar walikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, na baina ya nyumba hizi mbili palikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba tangu enzi za babu.

Tahmina hakucheka. Alikuwa akitazama shimo, mashina yaliyobaki yanaelea, povu jeusi pembezoni, mapovu madogo yanapanda kutoka chini na kupasuka. "Hili shimo mlikuwa nalo tangu zamani?"

"La arobaini ya mama. Tulipandisha uwanja."

"Mlipochimba mlifika kwenye mchanga?"

"Tulifika. Kwa nini?"

Tahmina aliokota kijiti akachora ardhini, kisha akakitupa, maana mchoro haukusaidia. "Sikiliza. Hiyo sumu hakuimwaga mtu. Imo kwenye mchanga wenyewe, tangu mito ilipouleta kutoka milimani. Punje za mchanga zina kutu, na sumu imegandamana na ile kutu. Ikigandamana haina shida, utakunywa maji mpaka uzeeke. Shida inaanza ukipeleka uozo kule chini."

"Uozo gani?"

"Wowote. Majani, kinyesi, magugu maji, juti. Maji yaliyooza yakipenyeza mpaka mchangani, kuna vijidudu vidogo, huvioni kwa macho, vinaula ule uozo. Vinakula na kupumua. Hewa iliyomo majini ikiisha vinahamia kwenye kutu, vinapumulia hiyo. Kutu inayeyuka, na kila kilichogandamana nayo kinaachiwa kuingia majini. Kisha mnakivuta kwa bomba."

Rahela alitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na uzi wa juti umemsokota kidole. "Na ule udongo tuliotoa?"

"Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji kirahisi. Ulikuwa kama mfuniko."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo, dada. Chini ya ardhi kuna mambo mengi, hata sisi tunabahatisha. Kuna mashimo kibao ya juti na mabomba ya karibu yake mazima. Na pampu za umwagiliaji nazo zinavuta maji huku na kule. Huenda ni shimo, huenda siyo peke yake."

"Nikiacha kuvundika hapa, litapona?"

Kijana wa watu alitaka kumwambia ndiyo, ilionekana usoni. "Acha, ni bora uache," alisema. "Ila kilichokwisha kushuka kimeshuka. Sijui kitachukua muda gani. Sitaki nikudanganye."

Alitoa kopo la rangi nyekundu. Rahela akamshika mkono. Si kwa nguvu.

"Ngoja nimpigie ndugu yangu kwanza."

Mofazzal alipokea simu akiwa kazini. Nyuma yake palikuwa na kelele za mashine. Alimwita Rahela Bubu, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, kama alivyomwita tangu akibebwa mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaja juu.

"Usikubali, Bubu! Wapime tena. Vifaa vyao vibovu, hivyo vya bei rahisi. Jina la mama limeandikwa pale, unajua maana yake? Watu wapite njiani waone jina la mama na rangi nyekundu pamoja?"

"Mofazzal, niliona karatasi kwa macho yangu."

"Karatasi! Mimi hapa jua linanichoma ubongo, nala dengu kila siku, najipa moyo kwa kitu kimoja: kwamba kuna mtu kule anakunywa na mama anaandikiwa thawabu. Kitu kimoja, Bubu. Usininyang'anye hicho."

Rahela naye alikuwa akijipa moyo kwa kitu hichohicho. Walipima tena, kwa kifaa kingine, kwa maji yaliyovutwa mpaka mkono ukauma. Kijikaratasi kikawa rangi ileile. Mwishowe Mofazzal akakubali kwa shingo upande kwamba lipakwe, ila lisifungwe: watu wafulie, waoshee vyombo, wakoge. Hata kufua ni kusaidiwa, alisema, hata hilo lina thawabu yake. Rahela aliona ni maneno ya busara, akayashika. Alimuuliza na imamu, na imamu akamwambia nia njema ilikwisha kuandikwa na Mungu hapotezi malipo ya mtu, akajaza birika lake kwenye bomba hilohilo, akaenda zake.

Bomba likawa jekundu. Na hakuna kilichobadilika.

Watu walikuja na mitungi yao kama jana. Maji ya Jomila Bibi yalikuwa baridi, matamu, hayakuacha madoa ya kutu kwenye wali wala kufanya chai iwe nyeusi, na watu wa huku hupima maji kwa chai. Mabomba mengi salama ya kijiji yalitoa maji mekundu kwa chuma na yalinuka msumari. Nani ayanywe hayo aache haya? Rahela alisimama pale siku za mwanzo akiwakataza. Walimwitikia kwa adabu, wakamsubiri aingie jikoni.

Mkaidi kuliko wote alikuwa Sokhina, mjane wa baba yake mdogo, ambaye Rahela alimwita chachi. Aliishi kibanda cha pili, mgongo umepinda, mdomo mwekundu kwa tambuu.

"Chachi, hukuona rangi?"

"Nimeiona. Mimi nakunywa maji, sinywi rangi."

"Ni sumu, chachi. Ndiyo iliyomuua mama."

"Mama yako aliuawa na bomba la uani, hili ni la mbele. Acha kumsingizia." Alikinga kiganja, akanywa, akajipangusa kwa pindo la sari. "Mungu amrehemu Jomila, alikuwa na ulimi mkali lakini maji yake matamu. Mimi nitakufa kwa uzee kabla sumu yako haijanipata. Itabidi ikimbie."

Waliokuwepo wakacheka. Rahela naye alicheka, kisha akakasirika kwa kucheka.

Yeye mwenyewe aliacha kuyanywa. Hilo lilimaanisha kwenda kwa Sikdar, kwa sababu bomba lao ndilo la kijani lililokuwa karibu, na lilimaanisha Lutfa, mke wa Sikdar mkubwa, ambaye alikuwa akiingoja siku hii kwa hamu. Rahela alivuka njia na mtungi kiunoni, ananyatia kama mwizi. Lutfa alikuwa uani anaanika pilipili.

"He! Nani huyu? Hebu mtazameni. Watu wa Maskati wamekuja kuomba maji kwa masikini!"

"Shikamoo ya ugomvi nitaitoa kesho, wifi. Leo naomba maji tu."

"Na lile lenu la thawabu limekauka?"

"Lina sumu. Unajua."

"Najua. Nilitaka kukusikia ukisema." Lutfa aligeuza pilipili polepole, hana haraka hata kidogo. "Mama yako alinikataza kupitisha ng'ombe wangu kwenye njia yenu. Mjamzito mimi, nazunguka shamba zima na ng'ombe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Alikosea."

Lutfa hakulitarajia hilo, na likamharibia raha. Alijikuna sikio. "Teka," alisema. "Lakini usije wakati wa kupika, na usije na mikono ya juti, saruji yangu itanuka. Na ukija, sema hodi. Hapa si stendi."

"Nitasema hodi, wifi."

Maji ya Sikdar yalikuwa na chuma, yanakwaruza ulimi. Rahela alikuwa akiyaacha kwenye ndoo mpaka kutu itulie chini, ndipo anayachuja kwa kitambaa cha sari kuukuu. Juti zake akazirudisha kwenye mfereji, mzigo begani, kila fungu likimchuruzikia mgongoni. Shimo lilibaki wazi, linatoa mapovu yake. Jioni alikaa barazani na kusikia kwe-kwe, kwe-kwe, na safari hii kila mlio ulimkwaruza moyo. Kama funda jema lilimfikia mama, je, na hili linamfikia? Linamfikia likiwa nini? Alijiuliza hivyo mpaka akachoka kujiuliza, akaenda kulala na swali likiwa palepale.

Siku moja mvua ilinyesha mchana kutwa, na saruji ya bomba ikawa utelezi. Rahela alimwona chachi anakuja na kikopo chake, anayumba, akatoka mbio kumshika asianguke. Akamshika mkono kwa nguvu, kiganja kwa kiganja.

Kiganja kilikuwa na punje. Ndogo, ngumu, zimetawanyika chini ya ngozi, unazigusa kama umeshika mchele mbichi.

Rahela hakumwachia. Aliugeuza mkono ule kwenye mwanga. Alimkalisha chachi kwenye ukingo wa saruji, akainua mguu wake, akafuta tope kwenye unyayo kwa kidole gumba. Na huko zilikuwepo.

"Unanitafuta nini miguuni, wewe? Unataka kunitafutia mume?"

"Hizi zimeanza lini, chachi?"

"Zipi? Hizo ni sugu. Mikono ya mtu aliyefanya kazi. Wewe huna?"

Rahela alikuwa na sugu, alizijua sugu. Hizi alizijua pia. Alizipitishia vidole kwa mara ya mwisho wakati anamwosha mama yake, maji ya mkunazi yanachuruzika, wanawake wanasoma, na yeye ameshika kiganja kile kigumu, hataki kukiweka chini. Akaketi kwenye maji ya mvua kando ya kizee yule, bado ameushika unyayo wake. Chachi alidhani anaumwa, akampigapiga mgongoni.

"Tatizo lako huli," alisema chachi. "Kunywa maji kidogo."

Rahela aliinuka akaingia ndani. Marehemu mume wake alikuwa akitengeneza mikokoteni ya magurudumu matatu, na spana zake zilikuwa bado kwenye gunia chini ya kitanda. Alitoa kubwa kuliko zote. Boliti za bomba zilikuwa zimeshika kutu na mikono yake haikuwa na nguvu tena. Alining'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, ikateleza, ikamchuna ngozi ya vidole, akairudisha. Moja ikalegea. Kufikia ya pili watu walikwisha kujaa, wanawake na mitungi yao, wanaume wawili watatu waliotoka kwenye duka la chai, na Lutfa Sikdar upande wake wa njia, mikono kiunoni.

"Unafanya nini, Rahela? Sisi tutateka wapi?" aliuliza mmoja wa wenye mitungi.

"Kwa Sikdar. Nimekwisha kwenda, mtu hafi kwa kusema hodi."

"Nani kakupa ruhusa? Bomba ni la ndugu yako!"

Chachi Sokhina ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Alikuwa amesimama, akimtikisia kikopo chake. "Unamnyima mama yako! Anaandikiwa kila tunapokunywa, na wewe, binti yake wa kumzaa, unamkatia! Utamwambia nini siku ya kiama?"

Maneno yalimchoma, maana ndiyo aliyokuwa akijiambia mwenyewe kila jioni. Rahela alisita, spana ikiwa juu ya boliti ya mwisho. Alipoinua uso alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

"Mama aliyanywa maji kama haya, chachi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha. Nikimbembeleza: malizia, mama, kidogo tu, malizia. Sitamnywesha mtu mwingine kwa jina lake. Akinidai mimi siku ya kiama, anidai."

Akaizungusha ya mwisho. Kichwa cha bomba kilitoka na mkono wake, kizito, kinadondosha maji, akakikumbatia kifuani akapita nacho katikati ya watu hadi ndani na kukisukumia chini ya kitanda. Hakuna aliyemzuia. Nje Lutfa alikuwa ameanza kupiga kelele kwamba mtu asithubutu kumwaga tope kwenye saruji yake, na kwamba watakaa foleni kama binadamu, na wazee kwanza.

Simu ililia kabla hajabadili sari. Watu hawachelewi kupeleka habari Maskati.

"Bubu. Ni kweli?"

"Kweli."

"Umeling'oa bomba la mama."

"Nimeling'oa kichwa. Lile refu liko chini, siliwezi."

Alimsubiri agombe. Alikuwa ameshajikaza kwa hilo. Lakini kilichokuja ni pumzi tu, za mtu mzima anayejizuia mbele ya wenzake kazini, na kelele ya mashine ya zege nyuma yake.

"Nilitaka kumfanyia kitu kimoja," alisema Mofazzal. "Kimoja tu, Bubu. Sikumuuguza. Sikumbeba. Sikumtupia hata konzi ya udongo."

"Ulimfanyia. Watu walikunywa maji mazuri, wakamwombea, hayo hayafutiki. Ila yamekwisha, mdogo wangu."

"Basi mimi nimebaki na nini?"

Rahela alitazama nje. Mvua ilikuwa inaanza tena. Chachi Sokhina alikuwa amekaa mlangoni pake, kikopo kitupu miguuni, amegeuzia nyumba mgongo, na kutoka pale hadi kwa Sikdar ni mbali kwa mtu asiyeweza kunyooka. Atahitaji maji ya leo, na ya kesho, na hatamsemesha aliyemletea.

"Umebaki na mgongo," alisema. "Wangu umekwisha. Chachi ana punje zile za mama mikononi, na kuna vikongwe wengine hapa hawawezi kuvuka njia. Kama unataka mama aandikiwe, rudi nyumbani, uje tubebe maji."

Mofazzal hakukata simu; mashine ya zege iliendelea kunguruma nyuma yake. Rahela akailaza simu kitandani ikiwa bado wazi, akachukua mtungi wake na wa chachi, akatoka.